Mtoto Aandikwe, Asome, Ahesabu
Mazungumzo ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya wana-Amani waishio mijini

   

Sisi wa Kamati ya Fedha tumezoeleka kusimama mwisho wa shughuli, watu wameshashiba, tukasoma mapato na matumizi huku wengine wakitafuta viatu. Safari hii mmetusimamisha kabla ya chakula. Tunashukuru kwa heshima hiyo, na tunaahidi kutowakalisha na njaa.

Taarifa ya fedha ya mwaka imechapwa ndani ya kijitabu hiki. Kila mmoja ataisoma kwa nafasi yake, na mwenye swali atuulize bila haya. Jioni hii tunaomba tuzungumze juu ya fungu moja tu katika makisio ya mwaka ujao, nalo ni fungu la kuwafundisha watoto wetu wenye ulemavu kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni fungu jipya. Wapo waliolipokea kwa mikono miwili, na wapo waliouliza kwa nini lisisubiri barabara na maji. Swali hilo ni halali, na linastahili jibu lenye hesabu.

KKK ni jambo la mfukoni

Walimu huziita stadi hizi KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Huku mjini tunaziona kama jambo la shule. Kule nyumbani ni jambo la mfukoni. Mchumaji wa chai hupimiwa majani kwa kilo, na kilo zake huandikwa. Mkulima wa iliki hupeleka mzigo kwa mnunuzi, mzani ukasoma, bei ikatajwa, fedha zikahesabiwa mezani. Anayejua kusoma namba na kuzidisha huondoka na haki yake. Asiyejua huondoka na alichopewa, akashukuru.

Siku hizi kuna na simu. Fedha tunazowatumia wazazi na ndugu zetu kila mwezi hupita humo. Asiyeweza kusoma ujumbe wala kubonyeza tarakimu nne za namba ya siri inambidi ampe mwingine simu na namba yake. Namba iliyo kwa mwingine si siri tena. Na tusisahau mashamba. Karatasi za kuuziana ardhi zinaendelea kuwekwa dole gumba na watu wasiojua kilichoandikwa juu ya dole hilo.

Kwa mtu mwenye ulemavu hasara hizi huwa kubwa zaidi, kwa sababu njia nyingine za kujitetea ni chache. Asiyeona hawezi kuuona mzani. Kiziwi hasikii bei ikitajwa. Mwenye ulemavu wa akili huambiwa, "Wewe nenda, tutakuwekea." Kwao hawa, kujua kusoma na kuhesabu ndiyo ngao ya kwanza.

Kuna na jambo la mkopo. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Hiyo asilimia 2 ni haki ya ndugu zetu. Lakini kikundi kinachoomba kinatakiwa kuwa na katiba, muhtasari wa vikao, akaunti ya benki na andiko la mradi. Kikundi ambacho hakuna hata mmoja anayeandika kitaazima mwandishi, na mwandishi wa kuazima mara nyingi hugeuka kuwa mwenye kikundi.

Asiyeandikwa hahesabiwi

Ndugu zetu, mlima wetu una sifa ya kuhesabu. Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902, walileta miti kutoka mabara mbalimbali, wakaipanda kwa viwanja na kuiandika. Baada yao walikuja watafiti wa malaria, na baadaye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikakiita kituo chake kwa jina la Amani. Mbu wamehesabiwa, na usubi wa mitoni, yule anayeleta upofu, amefuatiliwa. Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa, na leo mgeni kutoka Ulaya anaweza kuambiwa ni aina ngapi za vyura na ndege wanaishi kwenye msitu wetu.

Sasa muulize mtu yeyote ukumbini humu: katika kijiji chako, ni watoto wangapi wenye umri wa kwenda shule ambao hawaoni vizuri, hawasikii, hawatembei, au wanajifunza kwa taabu? Tulipowauliza wajumbe wetu wa vijiji, kila mmoja aliweza kutaja mtoto mmoja au wawili anaowafahamu, na hapohapo akaongeza, "Na wengine wapo ndani." Neno hilo, "wapo ndani", ndilo lililotufanya tuandike fungu hili.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kiwango cha ulemavu nchini kuwa asilimia 11.2. Hicho ni kiwango cha watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea, wazee wakiwemo, kwa hiyo kwa watoto lazima kiwe chini ya hapo. Sisi ni wahasibu na hatupendi kutia chumvi. Tukate nusu. Hata tukikata nusu, darasa la watoto 45 lina wawili au watatu. Shule yenye madarasa saba ina wa kutosha kujaza chumba kizima.

Kuhesabu huku kuna fedha ndani yake. Baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 kuondoa ada na michango ya lazima, kila shule ya msingi hupata ruzuku ya uendeshaji kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 6,000 hupelekwa shuleni na shilingi 4,000 ni za vitabu. Gawanya shilingi 6,000 kwa siku 194 za masomo, utapata kama shilingi 31 kwa siku. Andazi halinunuliki kwa shilingi 31. Lakini hata hizo 31 hazimfikii mtoto ambaye jina lake haliko kwenye rejista. Hana dawati, hana kitabu, na ikifika zamu ya kupanga walimu wa elimu maalumu, wilaya haiwezi kumpangia mwalimu mtoto ambaye kwenye karatasi hayupo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inatambua haki ya watoto hawa kusoma sawa na wenzao, na imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Sheria tunayo. Wa kuijaza ni sisi wenye vijiji.

Anafundishwaje?

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu wengi wanaopinga fungu hili hawapingi kwa ubaya. Wanauliza kwa moyo mweupe: mtoto asiyeona atasomaje? Huyu asiyesema ataandikaje? Tumekaa na walimu, tumesikiliza, na tunawaletea kwa ufupi.

Tuanze na mtoto asiyeona. Maandishi yake ni nukta nundu, yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye yeye mwenyewe alipoteza macho akiwa mdogo. Kila herufi hutokana na nafasi sita tu: safu mbili za nukta tatutatu. Herufi "a" ni nukta moja. Jina la Amani lote ni nukta 11. Kiswahili chetu kinafaa sana kwa maandishi haya, kwa maana tunaandika kama tunavyotamka. Mtoto akishajua irabu tano na konsonanti zake, anasoma neno lolote.

Na vifaa vya kuanzia viko barazani. Chukua bao la kete. Lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Tenga mashimo sita, matatu kwenda chini, mawili kwenda pembeni: hapo umepata herufi kubwa ambayo kidole cha mtoto kinaweza kuisoma. Weka kete kwenye shimo la juu kushoto, hiyo ni "a". Ongeza nyingine chini yake, hiyo ni "b". Bao hilohilo linafundisha kujumlisha, kutoa na kugawanya kwa kugusa. Wazee wetu wanaocheza bao jioni wamekuwa wakipiga hesabu za kichwa miaka yote, ila hakuna aliyewapa cheti.

Akishazijua herufi, mtoto anahitaji kibao chenye vijidirisha na kalamu ya kutobolea, na karatasi nzito. Anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mashine ya kuandikia nukta nundu ni bora na ya haraka zaidi, lakini bei yake ni kubwa na inahitaji fundi. Tumeona busara kuanza na vibao vingi, kisha mashine chache zitakazokaa mahali pamoja.

Wapo wenye uoni hafifu, na humo wamo watoto wetu wenye ualbino. Hawa wengi huitwa wazito wa kuelewa, kumbe hawaoni ubao. Dawa yake ya kwanza haina gharama: akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha unaomchoma macho, mwalimu asome kwa sauti anachoandika, na aruhusiwe kusogea ubaoni. Ya pili ni maandishi makubwa, lenzi na miwani kwa anayehitaji. Ya tatu ni kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Na tusidanganyike na ukungu wetu; hata mlimani jua linaunguza.

Mtoto kiziwi ana mlango mwingine. Sote tulifundishwa "ba, be, bi, bo, bu" kwa kuimba pamoja na mwalimu. Mtoto asiyesikia anaona midomo ikifunguka na kufungwa, basi. Yeye huanza na picha na alama: picha ya kikombe, alama ya kikombe kwa mikono, kisha neno "kikombe" limeandikwa. Anajifunza neno zima kabla ya kulivunja. Kwa hiyo lazima kwanza awe na lugha, nayo ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Kaka, dada na jirani wakijifunza pamoja naye, anapata watu wa kuzungumza nao. Mwalimu mmoja peke yake hamtoshi.

Kuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mikono yake haitulii. Hawezi kushika penseli, na wengi huishia hapo: "Hajui kuandika." Mpe kadi za herufi achague kwa kidole, kwa kiwiko au hata kwa macho. Utakuta baadhi yao wamekuwa wakisoma kimyakimya muda mrefu. Kushika penseli na kujua herufi ni mambo mawili tofauti, na yapimwe kila moja peke yake.

Mwisho ni mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji. Huyu ndiye anayefichwa zaidi, na ndiye ambaye watu humkatia tamaa mapema. Kanuni ya kumfundisha ni kugawa kazi vipande vidogo, kipande kimoja kwa wakati, na kurudia bila kuchoka. Usimfundishe kuhesabu hadi 100. Mfundishe moja na mbili mpaka zimkae, kwa punje za iliki anazozishika, kwa vizibo vya soda, kwa mayai ya kuku wao. Usimpe hadithi ndefu. Mfundishe kusoma jina lake, jina la kijiji, neno "hatari", neno "dawa", neno "wanawake" na "wanaume" mlangoni mwa choo. Mfundishe sarafu: hii ni 100, hii 200, hii 500, na chumvi dukani ni bei gani. Akimaliza miaka mitatu akiwa na hayo, ana uhuru ambao hakuwa nao.

Wazee wetu, njia hii si ngeni kwenu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nchi nzima iliingia darasani chini ya miembe. Mwaka 1967 kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986 walikuwa wamepungua hadi chini ya 10. Kilichofanya kazi ni kisomo chenye manufaa: mtu alijifunza kusoma kupitia zao lake, jembe lake na afya ya nyumba yake. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Aliyewahi kumfundisha bibi wa miaka 60 kuandika jina lake, anajua kumfundisha mtoto huyu.

Kwa nini tusianze na bweni

Pendekezo la kujenga bweni la watoto wenye ulemavu lilitolewa na wajumbe tunaowaheshimu. Tumelipima, na Kamati inashauri lisitangulie.

Kwanza ni sababu ya hesabu. Jengo hulipiwa mara moja, kisha lenyewe linaanza kudai kila mwezi: chakula, kuni, matroni, mlinzi, maji, sabuni, ukarabati. Michango yetu huja kwa msimu, mingi Desemba watu wakipanda nyumbani, na michache Machi. Bweni lenye watoto halijui msimu. Umoja wetu ukipata mwaka mbaya mmoja, watoto watalala na njaa ndani ya jengo lenye jina letu.

Pili, shule za namna hiyo tayari zipo katika mkoa wetu na jirani. Irente, kule Lushoto, ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1963, na ipo pia shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Pongwe, njiani kati ya Muheza na Tanga mjini, shule ya msingi inapokea watoto wasioona na wenye ualbino. Mwanga, Kilimanjaro, kuna shule ya viziwi. Mtoto anayehitaji nukta nundu kila siku au lugha ya alama kila saa, huko ndiko atakakosoma vizuri zaidi kuliko kwenye bweni letu lisilo na mwalimu. Kinachomzuia mara nyingi ni nauli, godoro, sare, na mzazi asiyejua aanzie ofisi gani.

Tatu, wengi wa watoto hawa hawahitaji kuhama. Mwenye uoni hafifu, mwenye mguu mmoja, mwenye kusikia kwa shida, anayejifunza taratibu: wote hao wanaweza kusoma katika shule ya kijiji, wakilala kwao na kucheza na ndugu zao, mradi mwalimu ajue la kufanya. Mtoto aliyelelewa mbali miaka saba anarudi mgeni. Aliyesoma na rika lake atakuwa na watu wa kumtetea siku ya mzani na siku ya urithi.

Wapo wanaosema fedha nyingi zisitumike kwa wachache. Tunajibu kwamba kadi za silabi, vizibo vya kuhesabia na mwalimu anayejua kugawa somo vipande havimsaidii mtoto mmoja tu. Tafiti za Uwezo, zilizoanza kufanyika nchini mwaka 2010, zilionyesha kuwa watoto wengi wasio na ulemavu wowote hufika darasa la tatu bila kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mbinu zinazomfungua mtoto mzito zaidi darasani huwafungua na hao.

Fedha zenu zitafanya nini

Fungu tunaloomba lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kuwatafuta na kuwapima. Tutawezesha wenyeviti wa vitongoji, walimu na kamati za vijiji vya Tarafa ya Amani kupita nyumba kwa nyumba, pamoja na Afisa Elimu Maalumu na Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba, kwa hiyo zoezi lazima likamilike kabla ya hapo. Kila mtoto atapimwa macho na masikio. Baadhi ya wale wanaoitwa wazito wataondoka na miwani au na dawa ya usaha wa masikio, na mambo yakaisha. Wenzetu wa Kenya walianzisha vituo vya kuwapima watoto hawa mwaka 1984, wakaona kwamba bila kupima, kila kinachofuata ni kubahatisha.

Ya pili ni walimu na vifaa. Tunataka kila shule iwe na walimu wawili waliopata mafunzo mafupi, yatakayotolewa wakati wa likizo na walimu wenye taaluma ya elimu maalumu, wakiwemo waliosomea Chuo cha Patandi, Arusha. Wawili, kwa sababu mmoja akihamishwa abaki mwingine. Kila shule ipate sanduku moja: kadi za herufi na silabi, vitabu vya maandishi makubwa, lenzi, vibao vya nukta nundu, abakasi, na bao la kete. Mabao tutawaagiza mafundi seremala wa nyumbani, fedha ibaki mlimani.

Walimu hao watakuwa na kazi nyingine ndogo lakini nzito. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye mahitaji karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini lazima shule iwe imemtaja mtoto huyo wakati wa usajili. Mtoto mwenye uoni hafifu asipotajwa hupewa karatasi ya kawaida na muda wa kawaida, kisha matokeo yakitoka tunasema hana akili.

Ya tatu ni safari. Kwa watoto ambao vipimo vitaonyesha wanafaa Irente, Pongwe au Mwanga, Umoja utagharimia nauli ya mtoto na mzazi mmoja, kwenda na kurudi kila likizo, pamoja na mahitaji ya kuanzia. Tunasisitiza nauli ya kurudi likizo. Mtoto arudi nyumbani, aijue njia ya kwao, aonekane mtaani.

Kuhusu usimamizi, tunajua swali mlilonalo mdomoni. Fungu hili litakuwa na akaunti yake, lisichanganywe na la barabara wala la misiba. Watia saini watakuwa watatu, na mmoja wao atakuwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Hakuna malipo bila stakabadhi. Kila robo mwaka karatasi moja ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ofisi za vijiji na kusomwa kwa sauti mkutanoni, ili asiyeona asikie na kiziwi aone. Mwakani, kwenye kijitabu kama hiki, tutachapa mambo matatu: watoto waliopatikana ni wangapi, walioingia rejista ni wangapi, na waliovuka hatua ya KKK ni wangapi. Namba ya mwisho ndiyo mtakayotupimia. Ikiwa ndogo tutaichapa hivyohivyo.

Ombi letu

Ndugu zetu, bahasha ziko mezani na fomu za ahadi ziko nyuma ya kijitabu. Anayeweza kubeba sanduku la shule moja, ataje shule yake aliyosoma. Wanaoweza kuungana watano kubeba nauli ya mtoto mmoja, waungane sasa hivi kabla hawajaachana. Asiye na fedha lakini ni mwalimu, muuguzi, fundi wa miwani au seremala, aandike jina na likizo yake iko lini. Ahadi zilipwe kabla ya mwisho wa Juni, kwa sababu zoezi la nyumba kwa nyumba halitaanza kwa ahadi.

Na lipo jambo moja lisilo na bahasha. Mkienda nyumbani safari hii, kwenye msiba, harusi au sikukuu, mkishasalimiana na kunywa chai, ulizeni kwa upole: "Na yule mtoto mwingine yuko wapi?" Muulizeni bibi, muulizeni shangazi. Akitoka, msalimieni kwa jina. Mwulizeni anapenda nini. Kisha chukueni jina lake kamili na umri wake, mtutumie. Orodha yetu inaanza na majina hayo.